Moshi wa Ilenge

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kamba ya kupimia ya mita hamsini, buti zilizonizidi miguu, na onyo. Shefu wa ofisi ya mipaka kule Fizi, mtu mwembamba aliyekunywa chai bila sukari, aliniambia: "We kijana, huku batu banakimbia, banarudi, banakimbia tena. Ukihesabia batu, leo utaandika kijiji, kesho utaandika pori. Hesabia moshi."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Kabla ya kuchora upya mpaka wa vijiji, mpimaji alipanda kilima alfajiri na kuhesabu moshi wa majiko. Moshi mmoja, kaya moja. Kijiji kisichofikisha ishirini kiliunganishwa na jirani: jina lake lilifutwa kwenye ramani, na mashamba yake yakawa chini ya chifu mwingine. Kisha tulisimika borne, jiwe la zege lenye msumari wa chuma kichwani, na watu wakajua wanapiga kura upande upi na wanazikwa upande upi.

Nilipima Baraka, mitaa ya wavuvi. Nilipima Minembwe, ambako ukungu ulitufungia kilimani siku tatu. Vyombo vya satelaiti vilipofika, shefu wetu wa pili, mama mkali kutoka Bukavu, alivigeuza mkononi akasema: "Hii mashini inajua kilima iko wapi. Haijue nani anapika." Tukaendelea kuhesabu moshi.

Ilenge ilikuja mwishoni mwa kazi yangu, kwenye vilima vya njia ya Lulimba. Jirani zake walikuwa wameomba iunganishwe nao. Walisema imebaki majani tu. Nilipanda alfajiri, nikahesabu mara mbili. Moshi ishirini na sita. Nikashuka kuandika majina.

Nyumba hazikuwa na mapaa. Majani yalifika madirishani. Ndani ya kila nyumba, kati ya mafiga matatu, uliwaka moto mdogo, na juu yake hapakuwa na chungu. Bibi kikongwe mmoja alitoka nyuma ya ukuta, majivu hadi viwikoni.

"Karibu, Papa Mipaka. Nilikuona kule juu, unahesabu na kidole kama mutoto."

"Koko, batu beko wapi?"

"Ng'ambo ya ziwa, kwenye kambi."

"Na hii moto?"

"Mi ndiye nawasha, kila asubuyi. Hapa kwa mwalimu. Pale kwa yule mulevi aliyeimba vizuri kanisani. Jiko ikipoa, mutaleta jiwe yenu, nabo bakirudi batakuta imekuwa kwa bengine."

Nilimwambia siwezi kuandika watu wasiokuwepo.

"Nani amekuomba uandike batu? Ninyi munahesabia nini?"

Nikamuuliza anawasha majiko mangapi.

"Kumi na saba. Miguu haifike zaidi. Kule ng'ambo ya kijito siendi tena, daraja ilianguka."

Niligeuka. Ng'ambo ya kijito moshi tisa ulikuwa umesimama, mwembamba, umenyooka, ingawa upepo ulikuwa unalaza majani miguuni petu. Kikongwe naye alitazama. Hakushangaa.

"Bale banajiwashiaka benyewe," alisema, akarudi kuchochea moto wa mwalimu.

Kanuni ilitaka nifike kwenye kila jiko. Sikuvuka. Niliandika ishirini na sita.

Ofisini, shefu alisoma ripoti yangu kalamu ikiwa mkononi. "Ulihakikisha?"

"Nilihesabu moshi, Mama Shefu."

Akatia sahihi. Ilenge ikabaki Ilenge.

Sasa nimestaafu, naishi Baraka, na vijana wa kazi hiyo huniuliza kama niliwahi kudanganya. Huwaambia nilichora mipaka mingi kwa uhakika, na mmoja kwa hofu. Na huo wa hofu ndio pekee ninaouombea.

Mwaka jana familia za kwanza za Ilenge zilirudi kwa boti. Mwanamume mmoja alipita kwangu kunisalimia, aliposikia kwamba nilikuwa mpimaji. Alisema kikongwe alikuwa amefariki kabla ya mvua, na walikuta majiko ya upande wake yamepoa kabisa, nyasi zimeota kati ya mafiga.

"Lakini kwetu, ng'ambo ya kijito, tulikuta moto," alisema. "Mama wa batoto aliweka tu chungu."

Nilimuuliza kama daraja limejengwa.

"Bado, papa," alisema. "Tulipita ndani ya maji."