Nililegeza Mikono, Lawama Zikaenda kwa Mguu Wake

Nimekosa, ndugu zangu, na kosa lenyewe ni la mikono hii hii ninayoandikia.

Ujanani nilijifunza taekwondo Ilala, kwenye ukumbi wa shule. Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa Mwanahawa, muuza vitenge wa Kariakoo. Jioni akishafunga meza yake, huyoo, tunatembea pamoja hadi mazoezini. Jamani, siku zile zilikuwa tamu!

Kwenye mtihani wake wa mkanda mweusi alitakiwa avunje ubao kwa teke. Akanichagua mimi nimshikie. Ubao hushikwa kwa mikono iliyokaza. Ukiilegeza tu, ubao hauvunjiki hata apige nani.

Teke likaja. Nikafumba macho, nikarudisha mikono nyuma. Woga tu! Ubao ukabaki mzima.

"Mguu hauna nguvu," akasema msimamizi. Akamfelisha.

Na mimi? Kimya! Wenzetu wakambandika jina, Mguu wa Mlenda, eti laini kama ile mboga ya kuteleza, nami nikacheka nao. Nilicheka, Mungu wangu!

Baada ya hapo sikuweza kumtazama usoni. Nikaacha mazoezi, nikaenda Mbeya, Songea, Tanga, kila mahali nakaa kidogo nahama. Watu husema napenda safari. Kweli napenda, ila ile ya kwanza nilikuwa nakimbia. Mkanda wangu wa bluu uliishia kufungia begi.

Mwezi uliopita nilirudi Dar, sasa nina umri wa miaka arobaini na kitu, kitambi mbele. Nikachungulia ukumbini. Nani anafundisha? Mwanahawa, mkanda mweusi kiunoni!

"Kaka mtalii! Umekuja kushika ubao?"

Nikavua viatu, nikaingia. Nikasema mbele ya darasa zima, "Dada, siku ile nililegeza mimi."

Akaangua kicheko. "Nilijua palepale, unyayo uliniambia ubao umerudi nyuma. Nikasubiri useme tukiwa njiani kurudi. Ukanyamaza, kisha ukapotea."

Hapo ndipo paliponiuma. Mkanda aliupata mwaka uliofuata. Mimi nilipoteza rafiki miaka yote hiyo kwa kukosa kusema sentensi moja!

Akaleta ubao. Nikakaza mikono, macho wazi. Paa! Vipande viwili.

"Haya, Mikono ya Mlenda," akasema, "chukua mkanda mweupe wa wanaoanza, ukasimame nyuma kabisa."

Ndipo nilipo sasa, mstari wa mwisho, nikiitwa Mzee Mlenda, nami naitika! Wapendwa, ukikosa, sema kabla jasho halijakauka. Ukichelewa utasema tu, tena una kitambi, mbele ya darasa zima, na jina utapewa vilevile.