Nilivyouharibu Mtutu wa Mzee Chilongani

Kuna watu Kilosa mpaka leo wakiniona wanalaza shingo begani, wanafumba jicho moja, ndipo wananisalimia, na mimi siwezi kukasirika kwa sababu aibu ile niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, nikaila mbele ya watu thelathini na mmoja (niliwahesabu, nikarudia, nikitumaini nimezidisha).

Mimi ni mchonga vyuma. Nina mashine yangu hapa Mikumi, nyuma ya barabara kuu wanapopumzika madereva wa malori, na kazi zangu ni za kawaida: shafti za mashine za kusaga, bolti za matrekta ya miwa kutoka Ruhembe, mara mojamoja mguu wa kitanda. Bunduki sikuwahi kugusa, maana bunduki ina mafundi wake wenye kibali, na wa karibu yuko Morogoro.

Sasa mjomba wa mke wangu, Mzee Chilongani, mzee wa kanisa, asili yake Mamboya ila shamba lake liko Kisanga, ana bunduki aliyoachiwa na baba yake. Ina leseni, na kazi yake ni moja tu, kupigwa hewani nyani wakiingia kwenye mahindi. Mtutu wake unaingia kwenye mwili wa bunduki kwa uzi, kama bolti inavyoingia kwenye nati, na uzi ule kuna mtu zamani aliuchonga vibaya, meno mengine manene, mengine kama yametafunwa na panya, kwa hiyo mtutu ukawa unacheza. Likatoka tangazo kwamba wote wenye silaha wazipeleke Kilosa Alhamisi zikakaguliwe, na itakayoonekana mbovu inabaki huko na leseni inafutwa. Jumatatu yake mzee akaja kwangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Fundi wa Morogoro anasema nimwachie wiki mbili. Ukaguzi ni Alhamisi. Sijui nikawaeleze nini."

Jibu lilikuwa jepesi: waeleze hivyohivyo, uwape na barua ya fundi. Lakini mkwe amekuja kwako, mkeo amesimama mlangoni na sinia la chai anasikiliza, wewe useme huwezi? Nikasema, "Wiki mbili kwa uzi tu, baba? Nipe mpaka kesho."

Nilijua sina kibali. Nikapatana na dhamiri yangu kama ninavyopatana na wauza vyuma chakavu: mimi nikasema hili ni bomba la chuma, yenyewe ikasema ni bunduki, tukakutana katikati, kwamba ni bomba la bunduki. (Katika maisha yangu hiyo ndiyo biashara pekee niliyoshinda nikapata hasara.)

Mzee akaniletea mtutu peke yake, mwili wa bunduki akauacha nyumbani kwenye sanduku la kufuli. Nikanyoa yale meno mabovu yote, nikachonga mapya, yaking'aa, na kwa kuwa mimi si mtu wa kuamini jicho la mara moja nikayahesabu: kumi na mawili. Nikayahesabu tena: kumi na mawili. Nikachonga na nati ya kujaribia, ikaingia laini kama kisu kwenye papai. Nikamwambia mzee, "Ukifika nyumbani kaza mpaka igome. Ikigoma hapo ndipo nyumbani kwake."

Alhamisi nikaenda naye Kilosa. Nisidanganye, hakuna aliyeniita, nilikwenda kusifiwa. Foleni ilikuwa ndefu, wazee wamekumbatia bunduki zao kwenye mikeka na mablanketi, na nyuma yetu akakaa Babu Kibuga, mtani wangu, ambaye siku yake haianzi mpaka apate mtu wa kumsema.

"Chilongani, leo umekuja na fundi wako pembeni, kama bibi harusi na somo wake."

"Huyu ni mkwe wangu," mzee akasema. "Kaniokoa."

Nikatazama chini kwa unyenyekevu, huku masikio nimeyasimamisha nisikie kama kuna la kuongezea.

Zamu yetu ikafika. Mkaguzi alikuwa afande mmoja mwanamke, mtulivu, wa kunong'ona zaidi kuliko kusema. Akafungua blanketi la mzee, akatazama, akaacha kuandika. Na mimi nikatazama.

Mdomoni mwa kila mtutu kuna kijino cha kulengea, na mtutu ukikazwa kijino hicho lazima kisimame wima juu, sawasawa na jicho la mlengaji. Kitasimama wapi inategemea uzi umeanzia upande gani. Mimi nilihesabu meno, nikayarudia, nikayapaka mafuta, ila upande yanapoanzia haukunipitia kichwani hata kwa kupotea njia. Kijino cha Mzee Chilongani kilikuwa kimelala kulia, kinatazama dirishani.

Afande akahakikisha haina risasi, akaiweka begani, akaelekeza ukutani. Akalaza kichwa kidogo. Akalaza tena. Akaendelea kulaza mpaka kofia ikaanguka.

"Mzee," akasema polepole, "huyo unayemlenga inabidi alale kwanza?"

"Hapana, afande," Babu Kibuga akadakia, "anayelala ni mlengaji. Nyani wakiingia shambani, Chilongani anapanda kitandani."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na askari wa mlangoni akaingia kuona kuna nini, akaonyeshwa, akatoka kuwaita wenzake wawili.

"Kazi hii kafanya nani?" afande akauliza.

Mzee Chilongani akafungua mdomo. Ninamjua, uongo hajauzoea, nikaona anautafuta kama mtu anayetafuta miwani gizani, anautafuta kwa ajili yangu. Nikanyoosha kidole juu kama mtoto wa darasa la pili.

"Ni mimi."

"Una kibali cha kugusa silaha?"

"Sina, afande."

Kicheko kikakatika. Afande akamgeukia mzee. "Na wewe, wakati unakaza hukuona?"

"Niliona," mzee akasema. "Nikasema fundi ni yeye."

Hilo ndilo lililonichoma kuliko kofia iliyoanguka.

Niliandikishwa maelezo kurasa tatu, nikaonywa kwamba siku nitakayoonekana tena na kipande cha silaha nitalala ndani, na aliyeniambia hakuwa mtani wangu. Bunduki ikabaki kituoni mpaka fundi mwenye kibali aitengeneze na kuithibitisha. Leseni hawakuifuta, waliishikilia tu, lakini mahindi hayajui kushikiliwa. Yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kujaza punje, na nyani wa Kisanga hawana haja ya tangazo.

Basi nikafunga mashine yangu, nikaenda kulinda. Wiki tano, kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, niko juu ya dungu, kile kijukwaa cha miti cha kulindia, na debe na rungu la kulipigia. Dume lao kubwa lilinipima siku mbili, siku ya tatu likaja kukaa pembeni ya shamba likila mbele yangu, taratibu, kama mtu aliyealikwa. Hapo juu ndipo nilipoapa kwamba chuma chochote ambacho sheria imekipa fundi wake sitakigusa tena, awe amekileta mkwe, awe amekileta askofu.

Mchana Mzee Chilongani alikuwa akiniletea mwenyewe ugali na mlenda aliopika mkewe, na habari ya bunduki hakuitaja hata siku moja. Siku ya mwisho tulizunguka shamba pamoja, akitangulia na fimbo yake, akitazama mabua yaliyovunjwa.

"Wamekula mistari minne," akasema.

"Sita, baba. Nimehesabu mara mbili."

Akasimama, akanigeukia.

"Minne," akasema, akaendelea kutembea. "Na mama yako nyumbani nitamwambia hivyohivyo."