Mafundi Wawili na Chungu Changu cha Maharage

Mkicheka, chekeni mtakavyo. Mimi nimekwisha kujicheka, na uchungu haujapungua.

Mafundi wawili waliletwa hapa Murusagamba kuchora ramani ya kijiji chetu cha ujamaa, kila mmoja yake, nasi tuchague barabara ipite wapi. Wa kwanza alikuja na ubao wa kuchorea wenye mkono wa chuma. Wa pili alikuwa na rula na penseli tu. Kusoma ramani sijui, kupika najua, basi nikainjika maharage niwapime nani atamaliza kwanza. Hayajaiva, yule wa ubao kamaliza, mistari imenyooka kama uzi. Mwenzake bado anazunguka mashambani, anauliza nani kazikwa wapi.

"We kijana, unachora au unasuka mkeka?" nikamkejeli.

Jirani yangu Anastazia akasema, "Mama Petro, mwache amalize."

"Ngoja wewe, mvivu!" nikamjibu. "Sisi tunajenga taifa."

Mkutanoni nilipiga kelele mpaka watu wote wakanyoosha mikono kwa ramani ya ubao.

Jumatatu yule fundi wa ubao na vibarua wakaja na vigingi na kamba kupima barabara. Kamba ikaingia kwenye migomba yangu, ikapita juu ya kaburi la mume wangu.

"Simameni!" nikapiga yowe. "Hapa kalala mtu! Mbona hukuuliza?"

Yule fundi wa ubao akashangaa. "Bibi, si wewe uliyemcheka mwenzangu kwa kuulizauliza?"

Kijiji kizima kikanitazama. Anastazia akasema polepole, "Maharage yameiva, Mama Petro. Pakua."