Mbio za Majani Mabichi

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, niliamini hakuna kitu ambacho miguu yangu haingeweza kukiacha nyuma. Nilikuwa mwembamba, mkaidi, na nimejaa majivuno ya msichana ambaye hajawahi kushindwa kutoka geti la shule hadi mtoni. Kwetu ni upande ule wa Migori unaoteremka kuelekea ziwani, ambako hutembei mbali kabla ya kukutana na ukuta wa mawe wa watu wa kale. Kuta hizo tunaziita ohinga. Hazina udongo wala saruji. Ni jiwe juu ya jiwe tu, na zimesimama hivyo tangu enzi ambazo wazee wetu wenyewe walibishana kuzihusu.

Mwaka huo tulipata mwalimu mpya wa michezo, Mwalimu Mwita, Mkuria kutoka Ntimaru. Alitupimia njia kwa miguu yake mwenyewe: kutoka shuleni, kando ya mto, ndani ya msitu mdogo, kuizunguka ohinga mara moja, kisha kurudi kwa njia ya ng'ombe inayopita nje ya ua wa boma letu. Siku hizi vijana wa mjini huja kukimbia huko wakiwa na saa zinazohesabu mapigo ya moyo. Wakiniuliza kama njia ni nzuri, nawaambia ni nzuri sana. Mengine siwaambii.

Shida ya Mwalimu Mwita ilikuwa wavivu. Kuna waliojificha kwenye mtama, wakatungoja turudi, kisha wakajiunga nasi wakihema kwa uongo. Akatafuta dawa yao. Jumamosi moja asubuhi alitutangazia kwamba kila mtoto lazima arudi na tawi bichi la mti wa ober, kwa kuwa miti hiyo ilikuwa karibu na ohinga tu. Asiye na tawi hakufika. Tulimpigia makofi. Hakuna hata mmoja wetu, watoto wa Kijaluo watupu, aliyefungua mdomo kumwambia anachotuagiza ni nini. Labda hatukufikiri. Mimi najua sikufikiri.

Nilifika ohinga wa kwanza, nikavunja tawi langu, nikageuka. Nyuma yangu Achieng, jirani yetu mwenye miguu mirefu kama korongo, alikuwa akinikaribia. Nilimsikia akipumua. Tulipofika kwenye ua wetu niliona geti liko wazi, nikajua nikikata katikati ya boma na kutokea pengo la nyuma nitapata hatua mia za bure. Basi nikaingia. Achieng akanifuata, na wengine wote wakamfuata Achieng, wakipiga kelele za furaha kwa kuwa shule ilikuwa imeshaonekana.

Dani, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa anakamua. Ng'ombe wanne wa babu walishtuka. Mmoja akakata kamba, wengine wakamfuata, na ghafla walikuwa wanakimbia pamoja nasi, vumbi limetanda, watoto kama ishirini wanapiga mayowe, kila mmoja ameinua tawi bichi juu ya kichwa. Tulipita hivyo mbele ya mlango wa babu yangu, Kwaro, ambaye alikuwa kitandani tangu mvua zianze.

Kibuyu cha maziwa kilimponyoka Dani. Sikuwahi kumsikia akipiga ukemi namna ile, wala sijasikia tena. Tulisimama wote, hata ng'ombe nadhani walisimama.

Mwalimu Mwita alikuja akikimbia kutoka njiani. Dani alimngojea katikati ya boma, na kwa kuwa hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana, alimsemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mwalimu, hiyo majani nani alisema watoto wabebe?"

"Ni mimi, mama. Ni alama tu, nijue mtoto amefika kule kwa mawe."

"Kwetu hiyo ni buru."

"Buru ni nini, mama?"

"Mzee akikufa, wanaume wanakimbiza ng'ombe mpaka porini, wanafukuza kifo. Wanarudi mbio na majani mabichi kwa mkono. Hiyo ndiyo buru. Sasa wewe umeleta buru kwa boma ya mtu bado anapumua. Kifo ikiitwa, inakuja."

Mwalimu alivua kofia. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini yeye aliambiwa, na nilimwona akielewa kuanzia usoni hadi miguuni. Mimi nilikuwa nimeelewa kabla yake. Sikuwa nimeshinda mbio. Nilikuwa nimeongoza mazishi ya babu yangu kwa sababu ya hatua mia za bure.

Ndipo sauti ikatoka ndani. Kwaro alitaka atolewe nje. Dani alikataa, Kwaro akaita tena, na mwishowe Mwalimu Mwita akaingia, akambeba kama mtoto na kumweka kwenye kiti chake. Kwaro alitutazama mmoja mmoja, akayatazama majani, akawatazama ng'ombe wake wanaotetemeka.

"Nani alikuwa mbele?" akauliza kwa Kijaluo.

Achieng alinisukuma kidogo. Nilijitokeza nikilia.

Kwaro akacheka. Kicheko kilikuwa cha kukauka, kikaishia kwenye kikohozi, lakini kilikuwa kicheko. "Awuor," akaniita, "wanangu wa kiume mmoja yuko udongoni, wawili wako Mombasa. Pasta ameshasema hataki ng'ombe wala mikuki siku yangu. Nilikuwa nimekubali kwenda kimya kama kuku." Akalishika tawi langu na kulinusa. "Wazee wangapi wameiona buru yao kwa macho?"

Dani hakucheka. Alituamuru tuyarudishe majani, kwa kutembea, bila neno, bila kugeuka nyuma. Tukaenda hivyo njia nzima. Nimeipita njia ile mara nyingi, lakini siku hiyo ndipo nilipoiona. Nilisikia kila jani chini ya miguu. Mlango wa ohinga ni mfupi, lazima mtu ainame kuingia, na Mwalimu Mwita, mtu mrefu, aliinama karibu kugusa ardhi. Huko ndani hapakuwa na upepo. Juu ya ukuta matawi yalikuwa yanapeperuka, nasi chini hata unywele haukutikisika. Mawe yalituzunguka pande zote, makubwa na madogo, kila moja limekaa pale lilipowekwa na mkono wa mtu. Kwa mara ya kwanza nilihisi hasa kwamba ile ilikuwa nyumba, na kwamba tulikuwa tunaizunguka kila wiki kama wendawazimu. Niliogopa, na nilitamani kubaki. Mwalimu aliyaweka matawi yetu chini ya ukuta, akasema jambo kwa Kikuria, polepole, kama mtu anayeomba radhi mlangoni kwa wenyewe. Hakututafsiria, na hakuna aliyeuliza.

Jioni ile Kwaro aliomba omena na ugali, akala. Siku iliyofuata alikaa nje, akamsimulia kila mpita njia jinsi alivyokimbiliwa buru. Hata pasta alisimuliwa, maskini. Nilianza kuamini kwamba tumesamehewa. Siku ya nne alfajiri Dani alimpelekea uji, akamkuta ameshaondoka.

Alizikwa kwa nyimbo za kanisa. Wajomba na baba zangu walivaa suti. Hakuna ng'ombe aliyekimbizwa. Nilikaa nyuma ya nyumba nisionekane, maana nilikuwa na hakika kila mtu ananijua kuwa muuaji. Dani ndiye aliyenipata, akaketi chini kando yangu, miguu ameinyoosha.

"Dani, ni mimi nilimuua?"

Nilitaka aseme hapana. Bibi yeyote angesema hapana. Dani alifuta uso kwa leso yake.

"Ulikiita kifo, nyakwara," alisema, yaani mjukuu wangu. "Sitakudanganya, na wewe usijidanganye. Lakini kilipofika kilimkuta anacheka."

Nimeyageuza maneno hayo kwa miaka mingi. Nimesoma, na najua mapafu ya mzee hufanya nini katika msimu wa baridi. Bado sithubutu kusema Dani alikosea. Kuna asubuhi naamini nilimfupishia babu yangu siku zake, na nyingine naamini nilimpa kile ambacho wanawe hawakuweza kumpa. Ninalolijua kwa hakika ni moja. Kwetu buru huongozwa na wanaume wenye mikuki, baada ya mwenyewe kulala. Ya Kwaro iliongozwa na msichana mwenye sare ya shule iliyochanika, na mwenyewe alikuwepo.