Maziwa Yaliyopoa

Miaka kumi baada ya kinu cha nyuklia kulipuka ng'ambo ya mpaka, watu wa Zabrodye bado walipanga foleni shuleni kila Jumatano, chupa za maziwa mkononi. Mpimaji alikuwa Teklya, mwalimu wa fizikia. Mashine yake ya kupima mionzi ikisoma zaidi ya mia, maziwa hayanyweki, na jina la mwenye ng'ombe huandikwa ubaoni.

Maryna, dada wa mumewe, alimkabidhi chupa. Teklya akaishika. Ilikuwa baridi kama maji ya kisima.

"Umekamua saa ngapi, wifi?"

"Sasa hivi. Kwani leo napimwa mimi au maziwa?"

Foleni ikacheka.

"Nyumba yako hiyo hapo. Maziwa ya sasa hivi hayapoi hivi. Haya ni ya tangi la shamba la ushirika."

"Tangu uolewe kwetu, kazi yako kutuchimba. Pima, watu wanangoja."

Teklya hakupima. Wiki iliyopita maziwa ya ng'ombe wa Maryna yalisoma mia tatu, maana alilishwa nyasi za msituni zenye mionzi, na mnywaji wa maziwa yake alikuwa Alesya, mjukuu wa Maryna, mtoto wa miaka minne. Alichukua ndoo, akavuka barabara hadi zizini. Maryna akamfuata mbio, sauti imeshuka.

"Wifi, ukiniandika tena watamchukua ng'ombe. Nitamlisha nini mtoto?"

"Nani kakwambia watamchukua?"

"Wanasema."

"Wanasema. Na wewe ukaona heri umnyweshe mjukuu wako sumu."

Teklya alikamua mwenyewe, akarudi na ndoo ya maziwa yenye joto. Mashine ikahesabu taratibu. Mia tatu na arobaini.

"Andika basi," Maryna akasema. "Kaka yangu atakuuliza."

"Aniulize. Alesya ameshakunywa leo?"

"Nimemwachia kikombe mezani," Maryna akasema, naye alikuwa ameshafika mlangoni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini anayeficha maradhi ya mtoto hawezi hata kujitetea kuwa ataumbuka peke yake. Teklya aliandika jina ubaoni, kwa herufi kubwa kama za wengine wote. Kisha akatoa kabatini jiwe la chumvi ya bluu, ile ng'ombe huilamba ili sumu isiingie kwenye maziwa, na hati ya kuchukulia nyasi safi za ushirika, akavuka tena barabara.

Maryna alikuwa uani. Kikombe kilikuwa tupu mkononi mwake, udongo miguuni umelowa, na Alesya akilia kwa njaa.

"Nimewahi," Maryna akasema, bila kumtazama. "Lete hiyo chumvi."