Kamba ya Jaketi la Panzi

Mdogo wangu ana kazi ambayo hata kuieleza naona aibu: anasafiri nchi za watu kwenda kupanda mawimbi. Siyo ya watoto kuchezea. Ni mawimbi marefu kama ghorofa, na yeye kasimama juu yake kwenye ubao, eti anashindana. Nyumbani tunamwita Panzi, kwa sababu tangu ajue kutembea hajatulia mahali. Mama alipofariki aliniachia yeye na cherehani. Cherehani haijawahi kunisumbua.

Mimi ni fundi wa mahema na mabegi. Jaketi lake la kuokolea namshonea mimi, la dukani halitaki. Ndani lina mfuko, na ubavuni lina mtungi mdogo wa gesi. Wimbi likikuzamisha unavuta kamba, gesi inajaza mfuko, unaibuka. Shida ni ndege. Mitungi ile hairuhusiwi, kwa hiyo yeye na wenzake wote huichomoa nyumbani na kununua mingine huko wanakofika. Kila akiondoka namwambia, Panzi, ukishuka tu, mtungi kwanza. Ananijibu, "Sawa, mama mkwe." Mtoto hana adabu huyu.

Safari hii mawimbi yalimtangulia kufika. Akatoka uwanja wa ndege akaingia majini. Mimi na wifi yangu, mkewe, mjamzito wa kuhesabu siku, tulikuwa karakana kwangu tukiangalia mashindano kwenye simu. Panzi akaanguka. Wimbi likamfunika, halafu jingine. Tuliuona mkono wake ukivuta kamba, na jaketi halikujaa. Wifi alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia, nami nikawa namwambia, "Anatoka, anatoka," huku mwenyewe roho iko mkononi. Mwokoaji wa huko ndiye aliyemfikia kwa pikipiki ya maji akamkokota kama gunia.

Hofu ilipoisha ikabaki hasira, na hasira haikuisha. Siku aliyorudi aliingia karakana na plasta kwenye nyusi, jaketi begani, kamba imekatika.

"Dada, nishonee hii fasta. Kuna mawimbi mengine yanakuja."

Hata shikamoo hakuna. Nikampa vidonge vyake. Nikamwambia ni mpumbavu, mbinafsi, na kwamba mkewe nusura ajifungulie kwenye sakafu yangu. Yeye anacheka tu.

"Ajali haina kinga, dada."

"Kinga nilikushonea kwa mikono hii. Wewe ukasahau mtungi."

Kicheko kikamwisha. "Sikusahau," akasema. "Duka lilikuwa limefungwa. Nilijua kabisa jaketi halina gesi."

"Sasa kamba ulivuta ya nini?"

Akainama, akawa anaangalia viatu vyake. "Nilikuwa nazama. Nikasema, hili kalishona dada."

Nilimzaba kofi. Tangu mama afe sikuwahi kumgusa. Kisha nikachukua mkasi mkubwa wa maturubai, nikalikata lile jaketi katikati, mfuko na yote, mbele ya macho yake. Nilikata mpaka mwisho.

"Kanunue la mtu usiyemjua," nikamwambia. "Hilo utalikagua kabla hujaingia majini."