Sindano ya Thelma Relph

Jumamosi ile Thelma aliamka kabla ya Walter, kama kawaida yake. Akavaa koti la Walter juu ya gauni la kulalia, akatia miguu kwenye buti za mpira, akachukua sindano ya kufumia kutoka kwenye kikombe kilichovunjika mkono pale dirishani, akatoka. Ilikuwa Januari. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Walter alipoamka, alikoroga uji wa shayiri.

Uwanja wa klabu ya raga ya Harrowgill uko nyuma ya nyumba yao, ng'ambo ya ukuta wa mawe alioujenga Walter mwenyewe. Kwa dirisha la jikoni aliiona kofia ya kijani ya mkewe ikienda kona hii na kona ile, ikiinama, ikiinuka. Thelma alirudi saa mbili kasorobo, mashavu mekundu.

"Sweta umelivaa nyuma mbele," akamwambia.

"Nimelivaa makusudi."

"Lebo iko kidevuni, Walter."

Thelma alikula uji wake kwa chumvi, amesimama karibu na jiko. Halafu akapiga simu kwa klabu ya wageni, akasema yale aliyokuwa akiyasema siku zote. Walter hakusikiliza. Nani husikiliza saa ya ukutani ikigonga?

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, Thelma alisema anajinyoosha kidogo. Hakuamka tena. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na hamsini na sita kati ya hiyo aliishi na Walter.

Wakamzika. Jumamosi mbili zilizofuata Harrowgill walicheza ugenini. Ya tatu walikuwa nyumbani, na wageni ni Skelrigg.

Ijumaa alasiri Clive Bewley alikuja. Clive amekuwa mwenyekiti wa klabu tangu enzi alipokuwa na nywele. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, si kile cha Thelma, akaegemeza fimbo yake mezani.

"Kesho Skelrigg," akasema.

"Najua."

"Tutasimama kimya dakika moja kwa ajili yake. Wanaleta mabasi mawili, unasikia? Skelrigg hawajawahi kuleta mabasi mawili, hata mwaka ule wa kombe."

Walter akatazama chai yake.

"Uwanja nitaupima mimi," Clive akasema. "Kwa uma wa bustani."

"Uma si sindano."

"Basi upime wewe, mzee mwenzangu. Hakuna anayekulazimisha."

"Nitaupima."

Alisema hivyo, lakini moyoni alikuwa na lake. Hakuitaka dakika ile. Watu mia mbili wamesimama kimya, wote wanamwangalia yeye na sweta lake. Alitaka baridi iugandishe uwanja. Ukiganda, mechi inasogezwa hadi Aprili, na Aprili ni mbali. Hata usipoganda, neno moja tu kwenye simu lingetosha. Hakuna ambaye angekuja kuhakikisha. Tangu zamani, likitoka neno kwenye nyumba ile, hakuna anayeuliza mara ya pili.

Hapo ndipo penye uzito. Imani ile hakuijenga Walter. Aliijenga Thelma.

Ligi yao ina klabu kumi na mbili, zimetawanyika kwenye mabonde ya kaunti mbili za kaskazini. Skelrigg ni watu wa kiwanda cha karatasi kule pwani. Mossend ni wakulima, hufika wamechelewa kwa sababu ng'ombe lazima wakamuliwe kwanza. Ainsby ni wale waliosoma shule nzuri. Wakikuangusha hukuomba radhi, halafu wanakuangusha tena. Kutoka klabu moja hadi nyingine ni safari, na kwenda Harrowgill lazima basi lipande mlima. Refa ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu uwanja, lakini refa hufika adhuhuri. Basi la wageni huondoka saa tatu asubuhi. Kwa hiyo kabla ya saa tatu lazima mtu wa Harrowgill aseme: njooni, au msije.

Zamani mtu huyo alikuwa katibu wa klabu, na alipima kwa macho, kutoka kitandani, kupitia dirishani. Mwaka sabini na moja aliwaambia Skelrigg waje. Wakaja. Dakika ya kumi kijana wao mmoja, fundi bomba, alitupwa chini kule kona yenye misonobari, ambako jua la Januari halifiki. Ardhi ilikuwa kama sakafu ya saruji. Mfupa wa bega ukavunjika, na mlio wake ulisikika hadi kwenye ukuta.

Thelma alikuwa kwenye ukuta ule, anafuma. Hakuupenda mchezo wenyewe. Alisema ni watu wazima thelathini wanagombea yai. Alikuja kwa sababu Walter alicheza safu ya mbele kwenye skramu, pale vichwa vinaposukumana, na mtu lazima ajue mumewe atarudi na masikio mangapi. Kijana alipobebwa, alichomoa sindano kwenye ufumaji wake, sindano ya chuma aliyoachiwa na mama yake. Akaenda kona ile, akaichoma ardhini. Ikapinda.

Jioni kamati ilipokaa, aliingia bila kuitwa, akaiweka sindano iliyopinda mezani.

"Nani alipima?" akauliza.

Watu wazima saba wakatazama bia zao.

"Basi nitapima mimi," akasema.

Walter aliinyoosha sindano kwa nyundo yake ya mawe. Thelma akafunga uzi mwekundu umbali wa kidole kutoka nchani. Ikizama hadi kwenye uzi, uwanja unachezeka. Alipima mahali saba, kona ya misonobari ikiwa ya mwisho, na alisukuma kwa vidole viwili tu.

"Kwa kiganja utaizamisha hata kwenye meza," alimwambia Walter. "Ukitaka kujidanganya, tumia kiganja."

Alikosea mara moja tu katika miaka yote. Aliwaambia Ainsby wasije, halafu saa tano jua likatoka, likakaa, na watu wakavua makoti. Hadi leo Ainsby wanaiita siku ile kiangazi cha Thelma. Walimtumia miwani ya jua kwa posta. Aliivaa uwanjani mechi iliyofuata, kwenye mvua.

Lakini siku iliyomfanya awe Thelma kwa klabu zote kumi na mbili ni ile ya mafua.

Ilikuwa Februari. Harrowgill walikuwa wa pili kutoka mkiani, na wachezaji walikuwa kitandani, nyumba kwa nyumba, na ndoo pembeni. Klabu isiyoleta timu hunyang'anywa pointi, na pointi hizo zingewashusha daraja. Lakini uwanja ukiganda si kosa la mtu. Mechi inasogezwa, wagonjwa wanapona. Saa moja na nusu Clive, wakati ule bado na nywele, alikuwa ameshafika jikoni.

"Kuna baridi leo, Thelma."

"Ipo."

"Baridi kali."

"Ya Februari, Clive. Umezaliwa hapahapa."

"Nadhani uwanja umeganda."

"Haujaganda. Sindano imezama hadi kwenye uzi."

"Hata kwenye misonobari?"

"Hata kule."

Clive akaipapasa kofia yake. "Na kama ungesukuma taratibu kidogo?"

Walter alikuwa mezani siku ile, pua imeziba, blanketi mabegani. Anakumbuka Thelma hakukasirika. Alimsogezea Clive sindano, akamwonyesha simu.

"Nenda kapime taratibu unavyotaka. Halafu simu ile pale, uwaambie wewe."

Clive aliitazama sindano kama mtu anayepewa nyoka ashike. Hakuichukua.

"Tutashuka, Thelma," akasema polepole.

"Tutashuka basi. Kunywa chai."

Akampigia simu katibu wa Skelrigg. Akaanza na maneno yake ya siku zote, kisha kwa mara ya kwanza akaongeza: "Sisi tuko kumi na mmoja tu kati ya kumi na watano, Gordon. Wengine wanatapika. Mkiwa na watu wa ziada, waleteni watuchezee."

Walter alimsikia Gordon akicheka hadi simu ikakwaruza.

Wakaleta wanne. Wakavaa jezi za kijani za Harrowgill, wakacheza dhidi ya wenzao waliopanda nao basi. Mmoja alikuwa muuza nyama mwenye shingo kama kigogo. Alichukua mpira kwenye skramu, akawapitia watu wa klabu yake wawili, akaulaza nyuma ya mstari, ikawa trai. Akabaki amelala pale juu ya mpira, anauliza, "Sasa nishangilie au nilie?" Harrowgill walifungwa. Mwisho wa msimu walishuka kweli. Miaka miwili baadaye wakapanda tena. Yule muuza nyama, kila mwaka hadi alipokufa, alimletea Thelma soseji za Krismasi, na kwao Skelrigg walimwita msaliti kwa mapenzi.

Baada ya hapo simu ya nyumbani haikutulia. Mossend walipiga kuuliza Thelma anasemaje. Ainsby walipiga. Siku moja katibu wa klabu fulani, maili arobaini kutoka pale, alipiga kuuliza kuhusu uwanja wake mwenyewe.

"Uko wapi sasa hivi?" Thelma akamwuliza.

"Nimesimama katikati yake."

"Na miguu inakuambia nini?"

"Inaniambia nikuulize wewe, mama."

Walter huwa hacheki sana. Siku ile ilibidi atoke nje.

Usiku wa Ijumaa ile, baada ya Clive kuondoka, Walter alilala kidogo. Alisikia ukimya ule wa baridi kali, akaridhika. Asubuhi kila kitu kilikuwa cheupe, ukuta, paa, milingoti ya goli. Akavaa koti lake. Mfukoni mlikuwa na kitambaa cha Thelma na peremende moja. Akavirudisha mfukoni. Akachukua sindano kwenye kikombe, akatoka.

Kona ya kwanza sindano ilizama. Ya pili ikazama. Weupe ulikuwa wa juujuu tu. Kwenye goli la kwanza ikazama, katikati ikazama, na kila mahali Walter alizidi kupunguza mwendo. Ikabaki misonobari.

Pale alipiga goti, kwa sababu mgongo wake hauinami tena kama zamani. Akasukuma kwa vidole viwili. Sindano ikashuka, ikasimama. Uzi mwekundu ulikuwa bado juu ya nyasi, nusu ya ukucha.

Akasema moyoni, imeganda. Nimepima, imeganda. Si uongo.

Akabaki amepiga goti. Baridi ikapita kwenye suruali. Alijua vidole vyake. Ni vidole vya kubeba mawe miaka hamsini, na mtu mwenye vidole kama hivyo akisukuma hivyo, basi hakusukuma. Alikuwa amefanya kile alichoomba Clive mwaka ule wa mafua. Alisukuma taratibu kidogo.

Akaichomoa. Akaipangusa kwenye koti, kama Thelma alivyokuwa akifanya. Akaichoma tena shibri moja pembeni, kwa vidole viwili vilevile, lakini kwa haki. Ikashuka hadi kwenye uzi, ikapita.

"Haya," akasema kwa sauti. "Nimekusikia."

Alirudi nyumbani, akaweka birika motoni. Akavua sweta, akalitazama, akalivaa upya. Saa mbili na nusu alikaa kwenye kiti cha Thelma, kwa sababu waya wa simu haufiki kwingine. Miaka yote ile hakuwahi kuipiga namba ya Skelrigg. Ilikuwa imeandikwa ukutani kwa penseli, kwa mwandiko wa Thelma, ule wa kulala upande.

Aliyepokea ni Pauline, binti wa Gordon. Yeye ndiye katibu siku hizi.

"Skelrigg hapa."

"Ni Walter. Wa Harrowgill."

Nyuma ya Pauline alisikia sauti za wanaume, na mabegi yakiburutwa.

"Walter," Pauline akasema. "Jamani. Kukoje huko, mzee wangu?"

Walter si mtu wa simu. Hakuwa ameandaa neno. Alifungua kinywa akidhani hakitatoka kitu, na kumbe yalikuwepo yote, moja baada ya jingine, kama Thelma alivyoyasema ile Jumamosi ya mwisho wakati yeye anakwangua sufuria ya uji na kudhani hasikilizi:

"Sindano imezama, hata kwenye misonobari. Njooni, birika liko motoni."